Hofu Ina Mwenyewe

Zamu ya kuandika historia wiki hii imeniangukia mimi, na kwenye kikao cha Jumamosi niliahidi nitaandika juu ya filamu za kutisha. Wengi mlifurahi, mkadhani nitaleta orodha ya zile tunazopeana kwenye flashi. Poleni kidogo. Filamu zitakuwepo, lakini nataka nianzie kwenye ule ugomvi wetu, kwa sababu ndo ulionifanya nikatafute vitabu.

Kwa wale ambao hawakuwepo: kundi letu la hapa Gisozi linataka kupiga filamu fupi, dakika kumi tu, kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Tulichagua hadithi ya dada mmoja wa kundi. Jina simtaji. Hadithi yake ni ya usiku waliotoka kwao. Mama yake alikuwa amebandika maharage. Habari ilipofika kwamba lazima waondoke, mama hakuipua. Alikoleza moto, akafunika sufuria, akawaambia watoto watoke mmoja mmoja kama vile wanaenda chooni. Aliiacha sufuria ichemke ili mtu akipita nje na kusikia kifuniko kinagonga, aseme wenye nyumba wapo, wanapika, hakuna kitu. Walitembea mpaka asubuhi. Hadi leo dada yetu akisikia kifuniko kinacheza juu ya sufuria, anatoka nje.

Ndo hadithi nzima. Damu hakuna, maiti hakuna. Alipomaliza kuisoma, kikao kizima kilinyamaza.

Halafu mgeni mmoja aliyekuja kutusaidia na skripti aliisifu sana, akasema ina kasoro moja tu: haitishi vya kutosha. Akapendekeza tuongeze milio ya risasi, watu wenye mapanga mlangoni, na mama apigwe aanguke pale pale jikoni. Baadhi yetu tulikubali. Na mimi nilikubali, nisiwadanganye. Niliona kabisa picha itakavyokuwa. Dada akauliza kitu kimoja: "Mama atakuja kuangalia hiyo filamu. Mnataka akae kwenye kiti ajiangalie akifa?"

Kikao kikaishia hapo, na tangu siku hiyo skripti imelala.

Swali lililobaki kichwani mwangu ni hili: hofu ya mtu ikitoka kwenye kumbukumbu ikaingia kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi ikaenda kwenye skrini, inakuwa ya nani? Kumbe sisi si wa kwanza kugombana juu ya hilo. Nimepata waandishi wawili ambao hadithi zao zimepita njia hiyo. Mmoja ni Mmarekani, bingwa wa kutisha watu kwa pesa. Mwingine ni binti wa hapa Rwanda, aliyekuwa mkimbizi kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mfua nguo wa Maine

Stephen King mnamjua hata kama hamjui jina lake. Wengi wetu tulikutana na hadithi zake kwenye agasobanuye, zile filamu ambazo mtafsiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji kwa Kinyarwanda, anachekesha, anaongeza chumvi, mpaka unasahau kwamba kuna mtu mbali huko aliyekaa na kalamu akaanzisha yote. Wakubwa wa Kigali bado wanamtaja marehemu Nkusi Thomas, yule Yanga, kuliko waigizaji wenyewe. Uganda wana VJ wao, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kwa hiyo hadithi moja inaweza kuwa na wenyewe watatu au wanne kabla haijakufikia wewe kwenye benchi.

King alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Maine, Marekani, na alikua kwenye nyumba isiyo na pesa. Mama yake aliwalea peke yake. Kabla hajajulikana alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akafanya kazi kwenye dobi kubwa la mashine, halafu akawa mwalimu wa sekondari. Usiku aliandika hadithi fupi na kuziuza kwa magazeti ili nyumba iende. Mwaka 1974 ilitoka riwaya yake ya kwanza, Carrie. Mwaka 1978 alikusanya hadithi fupi ishirini kwenye kitabu kimoja akakiita Night Shift, yaani zamu ya usiku.

Ukiangalia vizuri hadithi hizo, utaona hofu yake imetoka kazini na nyumbani. Moja ni ya mashine ya dobi inayonyoosha mashuka, ambayo inaanza kula wafanyakazi. Nyingine ni ya vibarua wanaotumwa usiku kusafisha ghala la chini la kiwanda kilichojaa panya. Nyingine ni ya malori yanayoamka yenyewe na kuwafanya binadamu watumwa wa kuyajazia mafuta. Aliyewahi kufanya kibarua Agakinjiro, kwenye mbao na misumeno, hahitaji kueleweshwa. Mashine ina njaa, bosi hajali, na wewe unahitaji ile mia moja.

Sasa angalieni kilichotokea hadithi hizo zilipoenda kwenye skrini, kwa sababu humo kuna masomo matatu.

La kwanza. Hadithi ya malori King aliamua kuiongoza mwenyewe. Mwaka 1986 ilitoka filamu inaitwa Maximum Overdrive. Mwenye hofu ndiye mwenye kamera, nani atalalamika? Wakosoaji waliikanyaga vibaya, na hajaongoza filamu nyingine tangu hapo. Kumbe kuwa mwenye hadithi peke yake hakutoshi. Kupiga picha ni kazi, ina ufundi wake, na lazima ujifunze. Hili naliandika kwa ajili yetu sisi tunaosema "hadithi ni yetu, tutajua tu".

La pili. Kwenye kitabu hicho kuna kihadithi kifupi cha mtu anayekodi fundi wa kukata majani uani, na fundi anageuka kuwa kitu cha ajabu. Kampuni moja ilinunua haki, na mwaka 1992 ikatoa filamu ya mwanasayansi anayemfanya mkata majani kuwa na akili nyingi kwa kutumia kompyuta. Kutoka kwenye hadithi ya King walibakiza kipande kidogo tu, lakini kwenye matangazo wakaandika jina lake kubwa juu kabisa, kama vile ni filamu yake. King akaenda mahakamani kudai jina lake litolewe. Mahakama ya kwanza ilikubali yote. Kampuni ikakata rufaa, na mahakama ya rufaa ikagawa: yale maneno ya kusema ni filamu "ya Stephen King" yatoke, kwa sababu yanadanganya watu, lakini maneno ya kusema imetokana na hadithi yake yanaweza kubaki. Someni tena hapo. Mtu mwenye mawakili na mamilioni alilazimika kupigana ili jina lake lisibandikwe kwenye kitu ambacho hakukisema. Sisi tunaweka saini kwenye fomu ya ridhaa tukiwa tumesimama kwenye foleni.

La tatu ndo ninalolipenda. King alikuwa na utaratibu, tangu mwaka 1977, wa kuwaruhusu wanafunzi wa filamu kupiga hadithi zake fupi kwa dola moja tu. Masharti: usiiuze bila ruhusa, na umletee nakala aione. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini, ukafungwa mwisho wa mwaka 2023. Kijana mmoja anaitwa Frank Darabont alichagua kutoka Night Shift hadithi ambayo haina jini wala zombi. Ni ya kijana ambaye mama yake anakufa kwa saratani hospitalini, maumivu ni makali, na kijana anajiuliza kama amsaidie mama yake apumzike. Mama wa King mwenyewe alikuwa amefariki kwa saratani mwaka 1973. Darabont alimaliza filamu yake fupi mwaka 1983. Alimheshimu mwenye hadithi, na mwenye hadithi akamwamini. Mwaka 1994 huyo huyo Darabont akatoa The Shawshank Redemption, kutoka hadithi nyingine ya King, filamu ambayo watu wengi wanaiweka kati ya filamu bora walizowahi kuona.

Hadithi ya watoto wa shambani nayo, wale wanaoua watu wazima kwenye mji mdogo wa Nebraska, ilipigwa mwaka 1984 na tangu hapo imezaa filamu zaidi ya kumi. Kurasa chache tu zimenyonywa miaka arobaini. Hii ndo inayotokea pale watu wanapoona hofu inalipa.

Binti wa Nyamata

Sasa turudi nyumbani. Ukipanda basi Nyabugogo ukaenda kusini, unavuka Nyabarongo, unaingia Bugesera, na baada ya muda mfupi uko Nyamata. Leo ni lami safi na uwanja mpya wa ndege unajengwa upande huo. Mwaka 1960 ilikuwa nchi kavu, pori, wanyama na mbung'o. Huko ndiko ilipelekwa kwa nguvu familia ya Scholastique Mukasonga, pamoja na familia nyingine nyingi za Watutsi waliofukuzwa kwenye makazi yao. Yeye alizaliwa mwaka 1956, kwa hiyo alikuwa na miaka minne hivi. Walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Leo mashirika yana jina la watu kama hao, wanaitwa wakimbizi wa ndani. Wakati ule hakukuwa na kadi.

Alisoma. Wakati huo shule za sekondari zilikuwa na kiwango cha Watutsi, mtu akisema asilimia kumi, na yeye alipenya, akaingia Lycée Notre-Dame de Cîteaux hapa Kigali, kisha shule ya ustawi wa jamii Butare. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni, na yeye akakimbilia Burundi. Huko akamaliza masomo na kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Ninyi wa mashirika mnaotusoma, huyu ni mwenzenu kabisa: alikuwa mkimbizi na mfanyakazi wa misaada katika mwili mmoja. Mwaka 1992 alihamia Ufaransa, akaendelea na kazi hiyo hiyo Normandy. Miaka miwili baadaye, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ndugu zake waliobaki Nyamata waliuawa.

Alikaa miaka kumi kabla ya kurudi kutazama. Alirudi mwaka 2004. Mwaka 2006 akatoa kitabu chake cha kwanza, Inyenzi ou les Cafards, jina alilolichukua kutoka kwenye tusi walilotukanwa. Mwaka 2008 akaandika juu ya mama yake. Na mwaka 2010 akatoa hadithi fupi tano kwenye kitabu kinachoitwa L'Iguifou. Kwa Kinyarwanda igifu ni tumbo, lile la ndani linaloshika chakula.

Kwenye duka la vitabu hutakikuta kwenye rafu ya vitabu vya kutisha, lakini mimi nimekisoma usiku na nikaacha taa ikiwaka.

Hadithi ya kwanza ina jitu, na jitu lenyewe ni Igifu. Linakaa ndani ya mtoto. Linaamka kabla yake asubuhi, linamfuata njiani, linalala naye. Ni njaa, lakini Mukasonga ameipa jina, tabia na hasira, kama jini la kwenye filamu za Mussa Banzi, wale Nsyuka na Shumileta wa Bongo. Binti wa hadithi anazimia kwa njaa, anaanza kwenda upande wa mwanga mzuri, na kinachomrudisha ni majirani waliochangiana kidogo walichonacho ili apikiwe uji wa mtama. Aliyewahi kuishi kambini mwezi ule posho inapopunguzwa anamjua Igifu. Sisi tulikuwa hatujampa jina tu.

Hadithi nyingine ni ya ng'ombe waliopotea na baba anayeishi kama vile bado anao. Nyingine ni ya dada mzuri kupita kiasi, ambaye uzuri wake uhamishoni unageuka mtego. Nyingine inaitwa kwa neno moja tu, Hofu. Hiyo ndo inayotuhusu zaidi. Kwenye hadithi hiyo hofu ni kitu ambacho watoto wa Nyamata wanafundishwa kama salamu. Mahali pengine mama anamwambia mtoto acha kuogopa, hakuna kitu. Kule, mtoto asiyeogopa ndiye aliyekuwa hatarini. Unajifunza kusikia lori la askari likiwa bado mbali. Unajua kichaka cha kujitupa kabla hujajua kusoma. Hofu inakuwa mlinzi wako, na unapokwenda uhamishoni inapanda basi na wewe.

Ya mwisho ni ya msiba. Mwanamke yuko Ufaransa, amepata habari kwamba ndugu zake wote wamekufa, lakini hana maiti, hana kaburi, hana matanga. Anaanza kuingia kwenye makanisa ambako watu asiowajua wanazika wafu wao, anakaa nyuma, analia kwenye misiba ya wengine.

Sasa ninyi niambieni. Kwenye hadithi hizo tano, ni mara ngapi mwandishi ametuonyesha panga likishuka? Ana haki kuliko mtu yeyote ya kutuonyesha. Hajanyamaza kwa sababu anaogopa ukweli. Anajua tu kwamba msomaji akishaona damu anafunika kitabu na kusema "maskini", lakini akisikia njaa inapumua tumboni mwa mtoto, hawezi kutoka.

Kutoka kitabuni hadi skrini

Kazi yake iliyofika kwenye skrini kubwa ni ile iliyofuata, riwaya ya mwaka 2012, Notre-Dame du Nil, yaani Mama Yetu wa Nile. Ilipata tuzo ya Renaudot mwaka huo huo, moja ya tuzo kubwa za vitabu Ufaransa. Ni shule ya bweni ya masista, juu milimani karibu na chanzo cha Nile, ambako mabinti wa wakubwa wanaandaliwa kuwa wake wa wakubwa. Ni miaka ya mwanzo ya 1970. Wachache wao, kwa kile kiwango cha asilimia kumi, ni Watutsi. Alikuwa anaijua shule ya namna hiyo, alishalala kwenye vitanda vyake.

Hofu inaanza kwa kitu kidogo kinachochekesha: pua. Kuna sanamu ya Bikira Maria mweusi, na binti mmoja anaitwa Gloriosa, mtoto wa mkubwa wa serikali, anaamua kwamba pua ya sanamu ni ya Kitutsi, lazima ibadilishwe. Anapanda na rafiki yake kuibomoa. Wanarudi wamechafuka matope, na badala ya kusema ukweli anasema wameshambuliwa na maadui msituni. Uongo huo unapigiwa makofi, unakua, unavaa sare, unapanda lori, na unarudi shuleni kuwatafuta wanafunzi wenzake. Hakuna jini lolote lililohitajika. Uongo wa msichana wa sekondari ulitosha, kwa sababu watu wazima walikuwa wanausubiri.

Aliyepewa kuipiga filamu ni Atiq Rahimi. Huyu alizaliwa Kabul, Afghanistan, mwaka 1962, akakimbia vita miaka ya 1980, akapata hifadhi Ufaransa. Ni mwandishi pia, alishinda tuzo ya Goncourt mwaka 2008, na alikuwa ameshapiga filamu kutoka kwenye vitabu vyake mwenyewe. Kwa hiyo hofu ya mkimbizi mmoja ilienda mikononi mwa mkimbizi mwingine ambaye ufundi anao. Yale masomo ya King yamekutana hapo: ufundi upo na kuaminiana kupo.

Alikuja kuipigia hapa hapa Rwanda, na mabinti wengi wanaoonekana humo ni Wanyarwanda ambao hawakuwa waigizaji kabla. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka 2019, na mwaka 2020 kwenye tamasha la Berlin ilipata Dubu wa Kioo katika kundi la filamu za vijana. Tuzo hiyo inatolewa na baraza la vijana. Yaani watu wa umri wetu, Ujerumani, waliiona na kusema hii.

Filamu imegawanywa sehemu, na sehemu ya kwanza ni ya kutokuwa na hatia. Mabinti wanacheka, wanacheza kwenye mvua, wanapigana mito. Nilipoiangalia mara ya kwanza nilikuwa nasogeza mbele, nasema hofu iko wapi. Nilikuwa mjinga. Kama hujawaona wakicheka, hutajua wamepoteza nini. Filamu nyingi zinazopigwa juu ya watu kama sisi zinaanzia tukiwa tayari tunalia. Mtazamaji hapati nafasi ya kujua kwamba tulikuwa watu wenye mzaha, wenye nywele za kusukana, wenye mwalimu tusiyempenda.

Siseme filamu ni sawa na kitabu. Kitabuni Mukasonga ana kejeli ya chini chini inayokufanya ucheke halafu uone aibu, na kwenye picha sehemu ya kejeli hiyo inapungua, kwa sababu kamera inaona uso lakini haioni mwandishi akikonyeza jicho. Kila kinachovuka kinaacha kitu ng'ambo. Sisi tunalijua hilo kuliko wote.

Chumba cha watoto

Kuna mahali pengine pa kujifunza, na hatuhitaji nauli. Hapa hapa Gisozi, kwenye kilima chetu, kuna Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, mwaka ule ule aliorudi Mukasonga. Watu zaidi ya 250,000 wamepumzishwa humo. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Tunapita getini kila siku tukienda sokoni, na wengine wetu hatujawahi kuingia zaidi ya mara moja.

Ndani kuna chumba cha watoto. Picha kubwa, nzuri, mtoto anatabasamu. Chini yake maneno machache: jina, umri, chakula alichopenda, mchezo alioupenda, rafiki yake. Halafu mstari mmoja wa namna alivyokufa. Mmoja tu. Aliyepanga chumba hicho angeweza kuweka mambo mengine, ushahidi haukukosekana. Akachagua kutuambia mtoto alipenda chipsi. Nimeona watu wazima wenye suti wakitoka kwenye chumba hicho wanashika ukuta.

Sufuria ya mama yake dada yetu ni ya aina hiyo hiyo. Kifuniko kinagonga, nyumba ni tupu, na mtu aliye nje hajui. Tulikuwa nayo mkononi, tukataka kuibadilisha na risasi ambazo kila mtu ameshazisikia kwenye filamu mia.

Basi tufanyeje

Nimeandika mengi, lakini Jumamosi tunakutana tena, kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, mnipinge kama mnaona vibaya.

Moja: mwenye hadithi anasoma skripti ya mwisho, na anaangalia filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, yeye na wale waliomo ndani ya hadithi. Akisema hapana, ni hapana. Na anaweza kusema jina langu litoke hata siku ya mwisho, bila kwenda mahakamani kama King.

Mbili: tusiongeze kifo ambacho hakikutokea. Watu wetu wamekufa wa kutosha. Aliyepona tumwache apone hata kwenye filamu.

Tatu: tujifunze kazi yenyewe. Tuwaombe wanaotaka kutusaidia watufundishe sauti na taa, kwa sababu filamu hii yote iko kwenye sauti ya kifuniko, na tukiirekodi vibaya tutakuwa tumemwangusha.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, nasema kwa heshima. Tunajua ripoti zinahitaji hadithi, na tunajua anayetoa pesa anataka kuguswa. Lakini mtu akikueleza usiku wake mbaya kuliko wote, na wewe ukamuuliza "hakuna kingine kikali zaidi?", umemwambia kwamba alichopitia hakijatosha. Muulize siku nyingine alipenda kula nini. Mtashangaa mtakachopata.

Nilienda kumwomba radhi dada yetu jana jioni, kwa vile nilikuwa upande wa wale wa risasi. Nilimkuta na mama yake wanachambua maharage mlangoni. Mama akaniuliza kama kweli tunataka kupiga picha sufuria yake. Nikasema ndiyo mama, kama unaturuhusu. Akafikiri, akasema ile ya kwao ilikuwa na mpini mmoja umevunjika, umefungwa kwa waya, kwa hiyo tusije na sufuria mpya ya dukani.

Nani ana sufuria ya namna hiyo? Aje nayo Jumamosi.